Mama Mbale Hakuwa wa Mbale

Mmeniuliza mara nyingi mno. Kanisani, kwenye chama, hata kwenye foleni ya kusaga unga. "Mama, wiki ile ulipotelea wapi?" Kila nikianza kueleza nakasirika, na nikikasirika napoteza njia, naishia kuitukana serikali mbele ya watoto wa watu. Kwa hiyo nimenunua daftari. Nilifundisha Kiswahili miaka ishirini na sita kabla sijaanza kuuza viazi, na kuandika hakujanitoka. Nitaandika mara moja, mpokezane, kisha mniache.

Habari za fomu nilizojaza, mihuri niliyofuata na barua ya chifu nitaziruka. Zinachosha, tena hazikunisaidia hata kidogo.

Kitale, Jumanne

Nyinyi mnaonunua sokoni kwetu mnajua tunavyoitana. Mtu anaitwa kwa mahali bidhaa yake inapotoka. Mama Kisumu anauza omena, wale dagaa wa ziwani, naye ni Mpokot wa Kapenguria ambaye ziwa ameliona kwenye kalenda tu. Mimi ni Mama Kinangop kwa sababu gunia langu la kwanza la viazi lilitoka Kinangop. Baba yangu alihamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a, mimi nikazaliwa hapa hapa Kitale, na Kinangop sijakanyaga mpaka leo.

Meza ya kushoto kwangu ilikuwa ya Nafula. Anauza ndizi zinazovushwa kutoka ng'ambo, Mbale ya Uganda, zile kubwa za kupika, kwa hiyo akaitwa Mama Mbale. Nani alimbandika jina hilo? Mimi. Siku yake ya pili sokoni, miaka sita iliyopita, nilimwambia mteja, "Ndizi muulize huyo Mama Mbale," watu wakacheka, jina likashika. Nafula amezaliwa Tongaren, kwenye shamba la skimu ya makazi ambalo baba yake aligawiwa. Amesoma huko mpaka darasa la saba. Mbale anaijua kama mimi ninavyoijua Kinangop.

Wakati huo redio ilikuwa imetukalia wiki tatu na habari za wageni wasio na karatasi. Serikali imetoa amri, watasakwa kote mpakani. Mwenye nyumba atakayempangisha mgeni atashtakiwa. Mwenye duka atakayemwajiri atashtakiwa. Jirani akijua akanyamaza, naye atashtakiwa. Tulisikiliza huku tukichambua maharagwe, tukidhani wanasemwa watu wengine. Kitambulisho cha Nafula alikuwa amekirudisha kibadilishwe, kiandikwe jina la mume, akapewa karatasi ya kusubiri. Alikuwa amesubiri miaka miwili. Karatasi yenyewe aliiweka nyumbani ndani ya Biblia isije ikachafuliwa na utomvu wa ndizi.

Jumanne hiyo, kama saa nne asubuhi, alikuja kijana mmoja amevaa koti zuri la kahawia. Mpole kabisa. "Habari ya asubuhi, mama. Naambiwa kuna Mama Mbale hapa. Ni yupi?"

Nilikuwa napima viazi kwenye kopo la gorogoro. Sikuinua hata kichwa. Nilinyoosha mkono na kiazi mkononi. "Huyo hapo. Na ndizi zake ni tamu."

Nimeandika jambo hilo mapema ili nisije nikaanza kujipamba mbele ya safari.

Lori lilikuwa limesimama langoni. Yule kijana alimuuliza, "Wewe ndiye Mama Mbale?" Nafula akatabasamu akasema, "Ndiyo mimi." Kijana akamshika kiwiko. Askari wawili waliovaa sare wakatokea nyuma ya vibanda vya nyanya. Nafula alisema ana karatasi nyumbani, atume mtu aikimbilie. Wakamwambia ataeleza mbele.

Sasa sikilizeni. Chini ya meza yake kulikuwa na katoni ya sabuni, na ndani ya katoni alikuwa amelala Nekesa, binti yake wa miezi saba. Nafula alinitazama, akatazama chini kwenye katoni, akanitazama tena. Hakulia wala hakumtaja mtoto. Alijua akimtaja, mtoto naye atapanda lori. Akaenda nao kama mtu anayesindikiza wageni.

Mumewe ni fundi wa mawe, wakati huo alikuwa Lodwar akijenga shule, na simu huko haishiki. Kwa hiyo mtoto akawa wangu. Alipoamka nilimpa chupa, akaisukuma kwa ulimi. Nilimpa kikombe, akatema. Uji alikubali vijiko vitatu, akageuza uso na kuanza kutafuta ziwa kwenye kifua changu, mimi bibi wa miaka hamsini na nane. Hakuna kitu kitakachokutia uchungu kama hicho.

Kitale hadi Chwele, Jumatano

Asubuhi nilimfunga Nekesa mgongoni, nikaichukua karatasi kwenye Biblia ya mama yake, nikaenda kituo cha polisi kumuulizia. Nikaambiwa seli zilijaa, waliokamatwa wamepelekwa Bungoma. Kwa nini Bungoma? "Mama, hiyo ni kazi ya serikali." Nikawa nimejibiwa.

Nilipata nafasi kwenye pikapu ya kabichi iliyokuwa inaenda Chwele kupitia Kamukuywa na Kimilili. Nyuma tulikuwa watu saba juu ya kabichi, na kando yangu mama mmoja wa Kabuchai aliyekuwa ametoka kumwona binti yake, kuku mapajani. Mtoto alilia tangu Kiminini. Yule mama alivumilia, kisha akavumilia tena, mwishowe akanigeukia.

"Huyo mtoto ni wako?"

"Ni wa jirani."

"Na jirani ako wapi?"

"Ameshikwa."

"Ameiba nini?"

"Hajaiba. Ati ni Mganda."

Kabichi nzima ikanigeukia. Wakaniangalia juu chini: mwanamke Mkikuyu, mvi kichwani, mtoto anayelia hovyo, na hadithi kama hiyo. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini lakini nisikie, "Watoto wanaibiwa siku hizi." Nikatoa ile karatasi ya kusubiri, nikawaonyesha picha ya Nafula. Wakaipitisha mkono kwa mkono.

Mama wa Kabuchai aliiangalia sana, akaangalia na uso wa mtoto. "Hawa wanafanana," akakubali. "Ni wa ukoo gani?"

Sikujua.

"Ni jirani yako miaka mingapi?"

"Sita."

"Miaka sita na hujui ukoo wake. Sasa wewe ungejua aje kama ni Mganda ama si Mganda?"

Nilijua anapenda chai bila sukari, anaimba sauti ya pili, na akicheka anafunika mdomo. Ukoo sikuwahi kuuliza. Kwetu sokoni tuliuliza bidhaa.

Kabla ya Kamukuywa, pikapu ilipunguza mwendo pasipo na kituo. Wanaume watatu, pamoja na yule mzee wa watoto wanaoibiwa, wakaruka chini wakaingia kwenye mahindi. Nilidhani wanajisaidia. Dereva akaendelea bila kuwangoja. "Umewaacha watu," nikamwambia kupitia kidirisha.

"Hao tutawapata mbele, mama."

Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi. Askari aliomba vitambulisho. Changu alikitazama mara moja akanirudishia, maana jina langu ni Wambui na hakuna anayedhani Wambui amevuka kutoka Uganda. Wa Kabuchai alishushwa. Akaulizwa chifu wake ni nani, shule ya msingi iliyo karibu ni ipi, mto unaopita kwao unaitwaje, kwa nini anasema hivi na si vile. Mwanamke mwenye wajukuu, kwenye wilaya ya jirani na kwao, anaulizwa maswali kama mtoto wa darasa la tatu, kuku kwapani. Alijibu yote. Aliporudi kwenye kabichi akamkumbatia kuku, akajifanya anamtuliza.

Baada ya kilomita moja wale watatu walitokea kwenye mahindi upande wa pili, suruali zimelowa umande, wakapanda. Nilimuuliza mzee kama hana kitambulisho. Akakitoa. Alikuwa nacho, ila picha ilikuwa imefutika uso kwa kukaa mfukoni akilima. Mara mbili amelala ndani kwa ajili ya picha hiyo. "Siku hizi natembea tu na mahindi," akasema. Hakuna aliyeona ajabu. Dereva amezoea kuwashusha na kuwapandisha, na nauli ni ile ile. Hivyo ndivyo amri ile ilivyotufanya, wazee wanajificha kwenye mahindi waliyopanda wenyewe.

Chwele yule mama alishuka, akanishika mkono. "Mimi naitwa Nasambu. Bungoma utaenda, lakini hawakai nao huko, wanawatupa ng'ambo. Ukikosa, enda kwa daraja la mpaka, tafuta akina mama wa vitunguu. Dada yangu Namalwa ako hapo. Sema nimekutuma." Kisha akanitafunia ndizi mbivu, akamlisha Nekesa kwa kidole. Akala nusu. Nilitaka kulia hapo stendi.

Bungoma, Jumatano na Alhamisi

Kituo nilichoelekezwa sitakitaja, nisije nikaitwa tena. Nilifika saa tisa mchana. Kaunta ilikuwa na askari mmoja, na mbele yake sahani ya ugali na mboga ya murere. Niliuliza habari za Nafula. Alimeza, akauliza mimi ni nani wake.

"Jirani."

"Jirani si ndugu. Mwambie bwana yake akuje."

"Bwana yake yuko Lodwar. Huyu hapa ni mtoto wake, ana njaa, anahitaji mama yake."

Aliinuka kidogo, akamchungulia mtoto mgongoni mwangu. Nekesa alikuwa anautazama ule ugali. "Pole," akasema, na naamini alimaanisha. "Mwenye kitabu ameenda kura chakula. Ngoja hapo."

Nilingoja kwenye benchi mpaka saa kumi na moja. Mwenye kitabu chakula chake kilikuwa kingi. Askari akaniambia nirudi kesho. Nikalala kwa mama mmoja wa kanisa letu, na namna tulivyolala na mtoto huyo mtakisia wenyewe. Kulipokucha hakuwa analia tena. Nyinyi ni wazazi, mnajua ni afadhali mtoto alie. Midomo ilikuwa imemkauka, na nilipomwita jina alichelewa kugeuka.

Saa mbili nilikuwa kaunta. Zamu ilikuwa ya mwingine, naye kitabu alikuwa nacho. Alipitisha kidole kwenye orodha. "Hawa tulipereka mpaka."

"Lini?"

"Jana asubuhi."

Nikamwomba arudie, akarudia. Jana asubuhi. Nilipokuwa nimekaa kwenye benchi lile saa mbili nzima, nikimpepea mtoto kwa karatasi ya mama yake, Nafula alikuwa ameshavushwa tangu asubuhi, na mtu wa murere alijua, au angejua kama angefungua kitabu kilichokuwa kwenye droo mbele ya tumbo lake.

Niliuliza alishtakiwa mahakama gani. Hakuna mahakama. Nani basi aliamua kuwa ni Mganda? Akanigeuzia kitabu nione mwenyewe. Mstari ulikuwa mmoja: jina, *Mama Mbale*, kwao, *Mbale*, *amekubali mwenyewe*.

Amekubali mwenyewe. Nimefundisha watoto elfu kadhaa kusoma, na sijawahi kutamani nisijue kusoma isipokuwa wakati ule. Jina nililompa mimi kwa utani, watu wazima wenye mishahara waliliandika kwenye kitabu cha serikali na wakalitumia kumfukuza mtu nchini kwake. Nilimwambia yule askari maneno ambayo mzee wa kanisa angenisimamisha meza ya Bwana kwa ajili yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, usikasirikie mimi. Hata bibi yangu wameenda kumuuliza kwao ni wapi." Huyo nilimsamehe. Yule wa murere bado.

Kuelekea darajani, Alhamisi

Mpaka wenyewe pia sitautaja, kwa kuwa kuna watu bado wanaupita. Nilirudi Chwele, na toka hapo nikachukua baiskeli ya boda boda, mtu mzima anayeitwa Wekesa, miguu kama nguzo. Mvua ilitushika njiani. Tulijikinga kwenye ghala la mahindi, akatoa mahindi ya kuchoma kwenye shati akanigawia nusu. Aliuliza kama mtoto ni mgonjwa. Nilimwambia ana njaa. Hakuuliza tena. Mvua haikuwa imekwisha alipoipandisha baiskeli barabarani, akakanyaga kwenye matope bila kupumzika, na pale kilima kiliposhinda akashuka akasukuma baiskeli nami nikiwa juu yake na mtoto.

Darajani kulikuwa na kizuizi cha mti, kibanda, na ofisa kijana aliyekunja mikono ya shati vizuri. Alinikubalia kuvuka. Kisha akamwona Nekesa.

"Huyu ni nani?"

Nikaeleza yote. Alisikiliza huku akigonga meza kwa kalamu.

"Mtoto amezaliwa Kenya?"

"Kitale, hospitalini. Karatasi ya kliniki hii hapa."

"Basi ni Mkenya. Siwezi kuachilia mtoto Mkenya avushwe na mtu asiye mzazi. Hiyo ni biashara ya watoto."

"Mama yake yuko hapo ng'ambo."

"Mama yake ni Mganda."

"Basi mruhusu mama aje amnyonyeshe hapa mbele yako."

"Hana ruhusa ya kuingia Kenya."

Alisema hayo yote bila kupandisha sauti, kama mtu anayepiga hesabu ikamjia sawa. Mtoto ni wa huku, mama ni wa kule, na katikati ni daraja la hatua arobaini. Nilizihesabu baadaye. Na kule mwisho wa daraja, kwenye veranda ya duka la chumvi, kati ya watu kama kumi waliokaa chini, nilimwona Nafula. Alikuwa ameshasimama. Blauzi yake ya bluu ilikuwa na madoa mawili makubwa ya maziwa. Aliita, "Nekesa!" Mtoto aliyekuwa hajatoa sauti tangu asubuhi aliinua kichwa mgongoni mwangu.

Ofisa naye alisikia. Akainamia kitabu chake.

Nilikumbuka maneno ya Nasambu. Huwa kuna wanawake kwenye daraja lile wanaovusha vitunguu, magunia kichwani, asubuhi mpaka jioni, wengi wao na watoto mgongoni. Kazi yao ni kwenda na kurudi. Wanapitia pembeni ya mti wa kizuizi na hakuna anayewauliza kitu, kwa sababu mji mzima unapika na vitunguu hivyo, na ofisa mwenyewe anakula. Nilimuulizia Namalwa nyuma ya kibanda cha chai. Mwanamke mfupi, mabega mapana. Nilipomtaja dada yake alimtazama Nekesa mara moja, akasema neno moja tu.

"Lete."

Akamfunga mgongoni kwa leso yake mwenyewe, akatwika kapu tupu kichwani, akaungana na wenzake watano. Mimi nilirudi kwa ofisa. Akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia nimemwacha kwa mama mmoja wa huku. Huo haukuwa uongo. Akanipa njia. Nilipita kwa kufuata sheria yake, na hatua kumi mbele yangu Mkenya wa miezi saba alikuwa anavuka bila ruhusa chini ya kapu tupu la vitunguu. Ofisa aliwapungia mkono.

Ng'ambo

Nafula alimpokea mtoto kwa Namalwa. Alikaa chini pale pale kwenye veranda, akafungua blauzi. Nekesa alishika, akaachia, akakohoa, akashika tena, na mkono wake mdogo ukawa unafunga na kufungua. Sisi wengine tulitazama barabara. Mwenye duka la chumvi alileta maji bila kuombwa.

Baadaye mke wake alitupa malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yamepikwa na karanga. Mimi sikuwa nimekula chakula cha kweli tangu Jumanne, nilimaliza sahani nikafuta kwa kidole. Nafula alikula kwa mkono mmoja akinisimulia. Polisi wa upande ule nao walikuwa wamemhoji. Wakamwambia hawamjui, hana ukoo kwao, na Kigisu, lugha ya watu wa Mbale, anakisema kama watu wa Bungoma. Wakamshauri arudi kwao Kenya. Kwa siku mbili alikuwa amekaa kwenye veranda hiyo kwa sababu nchi mbili zilikuwa zimekubaliana kuhusu jambo moja tu, kwamba yeye si wao. Maziwa alikuwa akiyakamua kwenye kikombe na kuyamwaga nyuma ya duka.

"Waliniuliza kama ni mimi Mama Mbale," akasema. "Nikasema ndiyo. Si ndilo jina langu?"

Niliweka sahani chini. Ulikuwa wakati wangu. Ningeweza kuuacha upite. Nilikuwa nimemletea mtoto, ningebaki mtu mwema milele.

"Nafula, yule mtu wa koti aliuliza kwangu kwanza. Ni mimi nilikuonyesha."

Alimhamishia Nekesa upande wa pili. Akamfuta mdomo.

"Najua, Mama. Nilikuona. Ulikuwa umeshika kiazi."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Mtoto nilikuwa nakuachia wewe."

Hapo nililia, na sio kidogo. Yeye hakunibembeleza. Alingoja nimalize, kama nilivyostahili.

Kurudi

Tulirudi Ijumaa saa tano asubuhi, wakati vitunguu ni vingi. Mimi nilivuka kwanza. Ofisa akaniuliza kama nilimpata mama wa mtoto. Nikamwambia nilimpata. Nyuma yangu walikuja wanawake saba badala ya sita. Wa saba alikuwa na gunia kichwani, mtoto mgongoni amelala ameshiba, na blauzi ya bluu imefunikwa kwa leso ya Namalwa. Aliingia nchini kwake kama mchukuzi. Yule ofisa akamwambia, "Pole na kazi, mama." Nafula akajibu, "Asante sana."

Kila nikikumbuka pole ile, damu inanichemka upya. Jumatano wenzake walikuwa wamemsukuma huyu huyu mpaka nje ya nchi. Ijumaa anampa pole. Mara zote mbili hakuna aliyemtazama usoni.

Kitale hakurudi. Nilimsindikiza mpaka Tongaren kwa mama yake, na huko yuko mpaka sasa, anangoja kitambulisho, mwaka wa tatu. Mumewe amemfuata huko. Nekesa anatembea. Nafula ananipokea vizuri nikienda, ananipikia, ananiita Mama kama zamani. Ila sasa nikimpa mtoto chochote, mama yake anatazama kwanza mkono wangu.

Meza yake naitunza. Ile katoni nimekataza isiondolewe.

Na juzi, kwa kuwa mnaniuliza mambo ya soko, alikuja bwana mmoja na mkokoteni. Mpole kabisa. Akasimama kwa Mama Kisumu, ingawa siku hizi hatumwiti hivyo. "Natafuta Mama Kinangop. Nimetumwa na shule, nataka magunia matatu ya viazi. Ni yupi?"

Mwenye omena akaendelea kupepeta omena. Wa nyanya akapanga nyanya. Bwana akaja mpaka mezani kwangu, viazi vimejaa mbele yangu, akarudia swali lake.

Nilimtazama machoni. "Hapa hatuna mtu wa jina hilo," nikamwambia.

Akashukuru, akageuza mkokoteni. Hakuna mama hata mmoja aliyecheka.